Wasifu wa Gideoni Elirehema Mgonja, Mtengenezaji wa Kanda za Tulizo (1948–1999)

Mchungaji, wazee wa Mamba, wakwe zangu, wafiwa wote, na ninyi majirani mliopanda kutoka Same, poleni sana. Mimi ni Rogathe Elirehema, dada mdogo wa marehemu, niliyemfuata kuzaliwa. Karatasi mliyoshika mkononi niliiandika Jumanne, ikachapwa Jumatano. Ni karatasi nzuri, tarehe zake zote ni sahihi. Lakini sitaisoma jinsi ilivyo, kwa sababu jana Alhamisi nimeona kitu ambacho karatasi hii haikijui. Nimeandika upya kwa mkono. Mniwie radhi nikikwama.

Nianze na lile ambalo kila aliyekaa hapa analifikiria na hakuna anayelisema. Tangu mwaka 1997 marehemu amekuwa akisemwa kwamba aliuza sauti za watu wa Mamba kwa Wazungu. Wengine mmekuja kumzika huku mnaamini hivyo, na mimi mwenyewe mpaka jana asubuhi niliamini hivyo. Kabla udongo haujaingia kaburini, nataka tujue kama anastahili kuondoka na sifa hiyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1948 hapa hapa Mamba, katika nyumba ile yenye bati, ingawa wakati huo ilikuwa ya nyasi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Elirehema Mgonja na Mama Elifuraha, ambao wametangulia. Mama alikuwa akituambia kwamba Gideoni hakulia alipozaliwa. Alikaa kimya, macho wazi, anasikiliza, mpaka mkunga akaingiwa na hofu akamchapa. Sijui kama ni kweli. Mama alikuwa hodari wa kutia chumvi.

Alisoma darasa la kwanza hadi la nne hapa Mamba kuanzia mwaka 1956, kisha shule ya kati kuanzia 1960 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1963. Tusidanganyane msibani, hakuwa wa kwanza darasani. Siku moja wenzake walikuwa wanalima shamba la shule, yeye hayupo. Alikutwa amechuchumaa chini ya dirisha la mwalimu, sikio ukutani, redio inaimba ndani. Alikula viboko vinne. Kesho yake akarudi pale pale. Baba akaitwa shuleni, akamuuliza mbele ya mwalimu, "Mwanangu, hivi unasikiliza nini hapo?" Gideoni akajibu, "Nasikiliza wimbo ukiisha, baba, kabla mwingine haujaanza." Baba alirudi nyumbani akamwambia mama kwamba mtoto ana kasoro na tusimcheke.

Mwaka 1965 alishuka tambarare kwenye shamba la mkonge, akaajiriwa kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchambulia mkonge, kwanza kubeba nyuzi na baadaye fundi wa mitambo. Kule kambini kulikuwa na watu wa nchi nzima: Kigoma, Songea, Singida, wote wamefuata kazi. Jioni kila safu ya nyumba ilikuwa na muziki wake. Huku zeze, kule marimba, kule wanawake wanaimba huku wanachambua mchicha. Wengine waliona kelele. Marehemu alitafuta mahali pa kusimama ambapo zote zilimfikia kwa upole, akawa anasimama hapo mpaka chakula kinapoa. Nilipomtembelea mwaka 1972 alinishika mkono akanisimamisha hapo. Nikamwambia, "Kaka, hapa mbu wananiua." Akasema, "Vumilia kidogo, Roga." Nilivumilia, na kweli palikuwa pazuri, ila sikumwambia.

Tarehe 20 Novemba 1976 alimwoa shemeji yetu Naisenya, binti wa wafugaji wa uwanda wa Ruvu. Nyumbani palichimbika. Baba aliuliza kama wasichana wa milimani wamekwisha. Shemeji alikuja, akajifunza kupika makande yetu, akajifunza Chasu, lugha yetu, kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nacho, na miaka miwili baadaye baba akawa hali chakula kisichotoka mkononi mwake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wilbard na Namunyak.

Bei ya mkonge ilipoanguka, watu walipunguzwa, na Januari 1982 marehemu akarudi hapa na begi moja. Msimamizi mmoja aliyekuwa anahama nchi alikuwa amemwachia redio kaseti. Mnakumbuka miaka ile. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, nguo tunazivaa kwa zamu. Betri ndiyo usiseme. Marehemu alikuwa anaanika betri zilizokufa juani juu ya bati, zinafufuka anapata wimbo mmoja, zinakufa tena. Operesheni ya wahujumu uchumi ilipokuja mwaka 1983, alikuwa na kanda kumi na mbili mpya alizopewa na rafiki. Akaogopa, akazifukia kwenye shamba la tangawizi. Watu walikuwa wanatupa magunia ya khanga mitoni, kaka yangu anafukia muziki. Mbili zilioza. Kumi zikapona.

Kwa kanda zile kumi alianza kazi iliyomfanya ajulikane. Alizunguka na redio kaseti mgongoni, Mamba, Msangeni, Ugweno, mpaka tambarare kwa wakwe zake, anarekodi watu. Hakutaka ngoma kubwa wala nyimbo za harusi. Alitaka zile ambazo mtu anajiimbia akiwa kazini au amepumzika: mama anayesaga, mchungaji anayeguna na ng'ombe wake, mzee anayepuliza filimbi bila kujua kuna mtu. Hapa Mamba alirekodi maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, yanavyofunguliwa asubuhi. Na alimrekodi mama mkwe wangu, Mama Nakijwa, ambaye amekaa pale mbele.

Biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kuingia, marehemu alifungua duka dogo la kurekodi kanda pale Same, tarehe 2 Juni 1987. Mwaka uliofuata akatoa kanda aliyoiita Tulizo Namba Moja. Alikuwa na redio kaseti mbili zimetazamana, kidole huku na kidole kule. Anaanza na filimbi ya Ugweno, inafifia, inaingia sauti ya wachungaji wa Ruvu, chini yake maji ya ndiva, halafu zeze la mtu wa kambi ya mkonge, halafu kinanda cha Mhindi mwenye duka la vitambaa. Hakuna aliyekuwa amesikia kitu kama kile. Vijana walimcheka, wakauita muziki wa wodini. Dereva mmoja wa basi la Tanga aliupiga safarini, abiria wote wakalala fofofo, na utingo naye akalala, watu wa Hedaru wakashushwa Mombo. Dereva alirudi dukani kugomba, kisha akanunua nyingine ya kupeleka nyumbani kwa mtoto wake asiyelala. Nyumba za wageni za barabara kuu zikaanza kuagiza. Akafika Tulizo Namba Tisa.

Alikuwa na sharti moja. Sisi Wapare ukibisha hodi kwa mtu unajitaja: wewe nani, wa nani, wa wapi. Marehemu alisema sauti nayo inaingia nyumbani kwa watu, kwa hiyo nayo ijitaje. Kila kanda iliyotoka dukani kwake, kabla ya wimbo unasikia mwenyewe anasema, kama kwenye Namba Nne, "Mimi Nakijwa, binti Mbonea, wa Mamba." Ndipo wimbo. Lakini ile kanda ya kwanza ya kila namba, aliyoiita kanda mama, aliyokuwa akinakilia zote, haikuwa hivyo. Nyimbo zilikuwa upande mmoja na majina upande wa pili, kwa sababu aliyaunganisha wakati wa kunakili. Kanda mama hazikuandikwa kitu juu. Zilikaa kabatini kwa mpangilio wa namba, kwa ufunguo. Naomba mlishike hilo.

Mwezi Julai 1997, Isihaka, kijana wa hapa anayehudumu katika hoteli ya watalii Arusha, alipanda na diski, zile sahani zinazong'aa. Akatupeleka, mimi na marehemu, nyumba ya wageni moja Same yenye mashine yake. Nilikuwepo. Juu ya jalada kuna mawe yamepangwa na mshumaa. Ulipofika wimbo wa saba, ikaingia ngoma ya umeme, polepole, tup, tup, na filimbi ambayo si ya kwetu. Halafu Mama Nakijwa akaanza kuimba.

Jamani, nilishika meza. Isihaka akatuambia kule hotelini watalii wanalala kifudifudi, wanakandwa kwa mafuta, macho wamefumba, ndio wimbo wao wa kutulizia akili. Na ninyi watu wa Mamba mnaujua wimbo ule. Mama Nakijwa aliutunga mwaka 1974 kumsema mtu aliyefungua maji ya ndiva kabla ya zamu yake. Unasema migomba yako ikauke, tumbo lako likugeuke, na kuku wako wakukimbie. Mtu ametoka Ulaya kuja kulala chini ya laana ya maji, anasema asante! Marehemu alikuwa wa kwanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akachukua jalada akatafuta jina la Mama Nakijwa. Palikuwa pameandikwa "sauti ya kienyeji, Afrika". Hakucheka tena siku ile.

Habari ikapanda mlima kabla yetu. Jumapili tarehe 21 Septemba 1997 wazee walimwita marehemu kikaoni. Mzee Eliufoo, mwenyekiti wa ndiva, ndiye aliyemuuliza, na alimuuliza kwa haki, sina neno naye.

"Gideoni, kanda zako za dukani zina majina?"

"Zina majina, mzee."

"Hii ya Wazungu haina. Kanda isiyo na majina inakaa wapi?"

"Kabatini kwangu."

"Ufunguo anao nani?"

Marehemu akasema, "Ufunguo ni wangu, mzee."

"Basi waliipataje?"

"Sikuuza."

"Sikukuuliza kama uliuza. Nimekuuliza waliipataje."

Hapo hakujibu kitu. Mkutano mzima ukaguna. Na mimi, jamani, mimi mdogo wake, nilisimama katikati ya watu. Ninyi mnanijua, mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia, "Kaka, sema ukweli utuondolee aibu. Mimi nalala nyumba moja na mama huyu, nakula naye. Umemwuza mama mkwe wangu, nitamtazamaje?" Akaniangalia. Akasema taratibu, "Roga, keti." Nikaketi huku nalia, nikidhani ameniaibisha.

Wazee waliamua asipande tena Mamba na redio kaseti, na hakuna mtu wa hapa atakayemfungulia mdomo. Tulizo zikaishia Namba Tisa. Mama Nakijwa hakumwitikia shikamoo tena. Krismasi ile alimwamkia mlangoni kwetu mara tatu, Mama anamenya ndizi tu. Marehemu alikuwa ameandika barua kwa wenye diski ile, Ulaya, akiwatajia majina yote na vijiji vyao, akiomba kitu kimoja, majina yachapwe. Aliandika barua kumi na nne. Kila Ijumaa alikwenda posta ya Same kufungua sanduku. Halikuwa na kitu.

Kuhusu ugonjwa, sina cha kuandika, kwa sababu hakuugua. Jumatatu hii, tarehe 8 Februari 1999, alifungua duka kama kawaida, akanywa chai na maandazi mawili. Saa nne asubuhi mteja mmoja mama alimletea kanda iliyotoka utepe. Akaurudisha kwa kalamu, akaiweka kwenye mashine, akamwambia, "Tuisikilize kidogo." Akakaa kwenye kiti chake, akafumba macho. Yule mama alisubiri. Alijua ndivyo anavyosikilizaga. Upande wote wa kanda ukaisha, mashine ikajizima yenyewe, na kaka yangu hakunyanyua mkono kuigeuza. Daktari alisema ni moyo. Miaka hamsini. Mtu aliyekuwa Jumapili ananitania kwamba nimenenepa! Mpaka leo nikisikia mlango nageuka.

Sasa jambo la jana. Mpiga chapa aliniuliza tarehe kamili ya kufunguliwa duka, nikampa kwa kukisia, ikachapwa. Moyo haukutulia. Marehemu alikuwa mtu wa tarehe. Jana nikashuka Same, nikafungua daftari lake, lile ambalo kila kanda iliyotoka dukani iliandikwa: siku, namba, imekwenda kwa nani. Tarehe ya duka nilikuta nimepatia. Nikaendelea kufungua kurasa tu, nikitafuta kuuona mwandiko wake.

Kwenye tarehe 11 Agosti 1993 sikuukuta mwandiko wake. Nilikuta wangu.

Kumbe wiki ile marehemu alikuwa Ugweno kurekodi, na mimi nilimshikia duka. Niliandika mwenyewe, kwa herufi zangu hizi kubwa: "Tulizo Na. 4, ya kabatini. Mgeni, gari lake limeharibika. Nimempa bure. Amenipa mwavuli."

Nikakaa chini sakafuni. Ikanijia yote. Mzungu mwembamba, amechoka, fundi anamtengenezea gari nje. Duka linapiga Namba Nne, akasimama mlangoni karibu saa nzima, akaomba ile kanda kwa ishara. Za kuuza zilikuwa zimekwisha, na ile ya mashine haikuwa ya kutolewa. Nikaona haya, mgeni ameomba kitu na nitamnyima? Nikachukua ufunguo chini ya sanduku la betri, nikafungua kabati, nikampa ya nne mstarini, haijaandikwa kitu. Nilijua kanda ni kanda. Sikuwa nimewahi kuisikiliza upande mmoja mpaka mwisho. Na mwavuli ule mnaujua, ni ule wa bluu ninaokuja nao kanisani miaka sita sasa. Siku ya kikao nilikuwa nao mkononi.

Chini ya maneno yangu kuna mstari mmoja, mwandiko wa marehemu, tarehe 19 Septemba 1997. Siku mbili kabla ya kikao. Umeandikwa hivi: "Nimeona. Roga asiulizwe."

Alijua. Alikwenda kwenye kikao kile anajua. Aliponiambia keti, alikuwa anajua ni nani aliyesimama. Alijua nimeolewa wapi na ninakula sahani ya nani, akaona bora yeye achukiwe. Miaka hii yote amenitania, amenunulia watoto wangu daftari za shule, amekuja kwangu akanyimwa salamu mbele yangu, na hakuwahi kuniangalia vibaya hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nageuza uso.

Kwa hiyo karatasi mliyo nayo ina kosa moja, nalo ni kwamba imenyamaza. Isahihisheni. Gideoni hakuuza sauti ya mtu. Ya Mama Nakijwa wala ya mwingine yeyote. Niliitoa mimi, Rogathe, kwa mkono wangu, na mwavuli nikachukua.

Marehemu ameacha mjane, Naisenya, watoto wawili, Wilbard na Namunyak, wajukuu watatu, na dada mmoja. Ameacha kanda mama nane. Wenye sauti zenu, ziko nyumbani kwa shemeji, mtu akitaka ya kwake aichukue.

Mungu ampokee kaka yangu na ampe amani ambayo sisi hatukumpa. Mzee Eliufoo, wazee wangu, mume wangu Majaliwa, na wewe Mama: kaburi bado liko wazi na mimi sijaketi. Niulizeni.